Dirisha linapogoma kukaa mahali pake: utatuzi wa matatizo ya FancyZones

Katika ofisi nyingi za utalii hapa Arusha, kuanzia zile za jirani na Mnara wa Saa hadi zile zilizojificha ndani ya nyumba za kuishi kule Njiro, mtu anayepokea maombi ya wageni hufanya kazi na madirisha matatu kwa pamoja: barua pepe ya mteja, jedwali la Excel lenye viingilio vya hifadhi na bei za loji, na WhatsApp ya kwenye kivinjari inayomuunganisha na madereva walioko porini. Anayeyapanga kwa mkono siku nzima huishia kunakili bei ya Tarangire kwenye safu ya Manyara, na kosa hilo hugunduliwa mgeni akiwa ameshalipa. Ndiyo sababu nimekuwa nikiwawekea wateja wangu FancyZones, mojawapo ya zana zilizomo ndani ya PowerToys, mkusanyiko wa programu za bure wenye jina lililoanzia enzi za Windows 95, ambao Microsoft iliufufua mwaka 2019 na kuuacha msimbo wake wazi.

Matumizi yake ni mepesi. Unachora ramani ya kanda juu ya skrini, kisha unaburuta dirisha huku umeshikilia Shift, nalo linajipachika ndani ya ukanda ulioulenga. Siku ya kwanza kila mtu hufurahi. Wiki ya pili simu huanza kuingia, na karibu zote huanza na maneno yaleyale: “Kaka, dirisha limegoma.” Maelezo haya nimeyapanga kwa kufuata dalili badala ya kurasa za mipangilio, kwa kuwa aliyekwama hujua dalili tu. Majina ya vitufe na vipengele nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini, maana kompyuta nyingi za hapa hutumia Windows ya Kiingereza.

Kwanza ujue dirisha linamtii nani

Dirisha moja lina mabwana watatu. Wa kwanza ni Windows yenyewe, ambayo tangu Windows 7 ya mwaka 2009 ina utaratibu wake wa kubandika madirisha pembeni mwa skrini. Wa pili ni FancyZones. Wa tatu, anayesahaulika kuliko wote, ni programu iliyolifungua dirisha, kwa sababu ndiyo inayoamua upana usioweza kupunguzwa zaidi na kama kingo za dirisha zinavutika au la. Mtu akifungua mipangilio ya FancyZones na kuanza kuwasha na kuzima vipengele kabla ya kujua ni bwana yupi aliyekataa, atamaliza nusu saa akiwa na matatizo mawili badala ya moja.

Kipimo ninachokitumia ni Notepad. Ni programu nyepesi, imo kwenye kila kompyuta ya Windows, na dirisha lake hukubali kupunguzwa hadi kuwa dogo sana. Ifungue, iburute huku umeshikilia Shift, uone inafanya nini. Notepad ikitii ilhali dirisha lako halitii, FancyZones ni nzima na tatizo liko kwenye programu unayoitumia. Notepad nayo ikigoma, zima FancyZones kwa muda, kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na kishale cha kushoto. Ikibandikwa nusu ya kushoto ya skrini, Windows iko sawa na wa kuchunguzwa ni FancyZones. Isipobandikwa, nenda kwenye Settings, System, kisha Multitasking, utazame kama “Snap windows” imezimwa. Kipimo hiki huchukua chini ya dakika mbili, na sehemu zote zinazofuata zinachukulia kwamba umeshakifanya.

Unaburuta, lakini kanda hazionekani kabisa

Sababu ya kawaida kuliko zote ni kwamba PowerToys haifanyi kazi wakati huo. Tazama alama yake kwenye kona ya chini kulia, karibu na saa. Pengine imefichwa nyuma ya kishale kidogo kinachoelekea juu. Isipokuwepo, ifungue kutoka menyu ya Start, na kwenye ukurasa wa General uiwekee ijiwashe yenyewe kompyuta inapowaka. Ofisi ambayo umeme wake hukatika mara kwa mara na kompyuta zake za mezani hazina betri ya akiba hukutana na tatizo hili kila asubuhi, nao huamini kwamba umeme ndio umefuta programu, wakati programu ipo na inasubiri kufunguliwa.

Sababu ya pili ni kitufe cha Shift kufanya kinyume na unavyotarajia. Mipangilio ina kipengele kinachosema kanda zionekane tu Shift inaposhikiliwa. Kikizimwa, maana inageuka: kanda hujitokeza kila unapoburuta, na Shift sasa ndiyo inayozizima. Mtu aliyezoea kushikilia Shift kwenye kompyuta ambayo mwenzake amezima kipengele hicho atabonyeza hadi kidole kichoke bila kuona kitu. Akianza kuigonga Shift kwa hasira, ikifika mara tano mfululizo Windows itamwuliza kama anataka Sticky Keys. Akiishikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8, ataulizwa kuhusu Filter Keys. Maswali yote mawili ajibu hapana. Nimekuta kibodi iliyodhaniwa imeharibika, kumbe mtu alijibu ndiyo bila kusoma, na Filter Keys ikaanza kupuuza mibonyezo yake ya haraka.

Kwenye laptop za mtumba Shift yenyewe wakati mwingine imekufa, hasa ya kushoto. Hapo hakuna haja ya kununua kibodi nyingine kwa ajili ya FancyZones peke yake. Washa kipengele kinachoruhusu kitufe cha pili cha kipanya kuamsha kanda: unaburuta kwa kitufe cha kushoto, na katikati ya safari unabofya cha kulia. Kuna wanaokipenda kuliko Shift hata kibodi zao zikiwa nzima, kwa kuwa mkono mmoja unabaki huru kushika simu.

Sababu ya tatu ni kwamba skrini hiyo haina ramani. Fungua kihariri cha ramani, chagua skrini unayoilalamikia juu ya dirisha la kihariri, uone kama haijawekwa kwenye “No layout”. Kumbuka pia kwamba maeneokazi pepe, yale unayoyafungua kwa kitufe cha Windows, Ctrl na D, huwa na ramani zake; ukihamia eneokazi jingine, usishangae kukuta ramani tofauti.

Kihariri chenyewe hakifunguki

Njia ya mkato inayokuja na programu ni kitufe cha Windows, Shift, na kitufe chenye alama ya kistari kidogo cha mshazari (`) kilichopo kushoto kwa namba 1. Hivyo ndivyo ilivyo kwenye kibodi ya Kimarekani. Laptop za mtumba tunazouziwa huku zimetoka pande zote za dunia, nyingine zikiwa na kibodi ya Kijerumani au ya Kiarabu, na alama hiyo haikai pale pale kwenye kila kibodi. Isitoshe, herufi zilizochorwa juu ya vitufe zaweza kuwa za nchi moja huku Windows ikiwa imewekwa lugha ya kibodi ya nchi nyingine. Fungua ukurasa wa FancyZones ndani ya PowerToys, soma njia ya mkato inavyoonyeshwa kwenye kompyuta yako, na kama kitufe hicho hukioni au hukifikii, weka mchanganyiko mwingine. Kihariri chafunguliwa pia kwa kubofya kitufe chake kwenye ukurasa huohuo.

Madirisha yote yanatii isipokuwa moja

Dalili hii ndiyo inayoniletea kazi nyingi kuliko nyingine zote, na ndiyo inayopotezewa muda mwingi bila sababu.

Ofisi moja ya uhasibu mjini Moshi ilikuwa na malalamiko ya namna hii: kivinjari kinatii, Excel inatii, lakini programu ya hesabu, ambayo ndiyo kazi yao, haiingii kwenye ukanda hata ufanye nini. Walikuwa wameshaisakinisha PowerToys upya mara mbili. Nilifungua Task Manager, nikaenda kwenye ukurasa wa Details, nikabofya kulia juu ya vichwa vya safu na kuongeza safu iitwayo “Elevated”. Programu zote ziliandikwa “No”, na moja tu, ile ya hesabu, ikaandikwa “Yes”. Jibu lilikuwa pale.

Maelezo yake ni haya. Windows, tangu ilipotoka Vista, hairuhusu programu yenye mamlaka ya kawaida kuamrisha dirisha la programu iliyofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi. Ni kinga: bila hiyo, programu yoyote ya hila ingeweza kujibonyezea vitufe ndani ya dirisha lenye mamlaka makubwa. FancyZones inapofanya kazi kwa mamlaka ya kawaida nayo inahesabiwa miongoni mwa programu zisizo na ruhusa hiyo, hivyo haiwezi kuligusa dirisha la msimamizi. PowerToys yaweza kutoa onyo dogo kwamba kuna programu yenye mamlaka ya msimamizi, lakini ni rahisi kulipita bila kulisoma. Dirisha linabaki tu pale ulipoliacha.

Tiba ziko mbili. Ya kwanza ni kuipa PowerToys mamlaka ya msimamizi kwenye ukurasa wa General, na ndiyo ambayo mafundi wengi hukimbilia. Mimi huanza na ya pili, yaani kuiuliza programu iliyogoma kama kweli inahitaji mamlaka hayo. Bofya kulia juu ya alama yake, fungua Properties, kisha Compatibility, uangalie kama mtu aliweka alama kwenye “Run this program as an administrator”. Mara nyingi aliyeisakinisha miaka kadhaa iliyopita aliiweka ili kukwepa kero fulani ya wakati huo, kero ambayo leo haipo tena. Ondoa alama hiyo, ifungue programu, ingiza muamala wa majaribio, uhifadhi, na uchapishe. Yote yakipita, umetatua tatizo na kompyuta imekuwa salama kuliko jana. Isipohifadhi, basi kweli inahitaji mamlaka. Rudisha alama, ndipo uipe PowerToys ya kwake. Pale Moshi programu ilihifadhi bila shida, na mama mwenye ofisi akaniuliza kwa nini ilichukua miezi mitatu kujua jambo dogo namna hiyo. Sikuwa na jibu la kumpa.

Ikiwa safu ya “Elevated” inaonyesha “No” na dirisha bado linagoma, soma orodha ya programu zilizozuiwa chini kabisa ya ukurasa wa FancyZones. Orodha hii hupokea jina zima au sehemu tu ya jina, na hapo ndipo watu wanapojifunga wenyewe: ukiandika Notepad peke yake, unakuwa umezuia Notepad pamoja na Notepad++, wakati ukiandika notepad.exe unazuia ile moja tu. Kila jina likae kwenye mstari wake, na liandikwe pamoja na .exe.

Dirisha linaingia, lakini linamfunika jirani yake

Hapa FancyZones hulaumiwa kwa kosa la hesabu ambalo ni la aliyechora ramani. Laptop nyingi za mtumba zinazouzwa Arusha zina skrini ya pikseli 1366 kwa 768. Mtu anataka kanda tatu zilizo sawa, basi anachagua Columns na kuweka tatu. Sasa tuhesabu. FancyZones, ikiachwa ilivyo, huweka nafasi ya pikseli 16 kuzunguka kanda; safu tatu zina nafasi nne, yaani pikseli 64 zinazoliwa na hewa. Zinabaki 1302, na ukigawa kwa tatu kila ukanda unapata 434. Dirisha la Chrome haliminyiki chini ya pikseli kama 500. Kwa hiyo Chrome inaingia kwenye ukanda, inakataa kuminywa, na inamwagikia ukanda wa pili kwa pikseli zaidi ya 60, ikiifunika safu ya kwanza ya Excel, ile yenye majina ya wageni.

Hali huwa mbaya zaidi kipimo cha ukuzaji cha skrini kikiwa juu. Mzee wa ofisi akiongeza ukuzaji hadi asilimia 125 ili asome bila miwani, upana wa 1366 unafanya kazi kama 1093 hivi; akifika asilimia 150, kama 911, na hapo hata nusu mbili zilizo sawa, kila moja 455, hazimtoshi kivinjari. Kuzima nafasi kati ya kanda kunarudisha zile pikseli 64, lakini theluthi ya 1366 ni 455 tu, bado haifiki 500. Hakuna kipengele kitakachoipanua skrini.

Ninachofanya ni kuachana na usawa. Kwa skrini kama hiyo nachora kanda mbili tu, kivinjari kikipata asilimia 40 na jedwali 60, nafasi za pembeni nikiziweka sifuri. WhatsApp naihamishia kwenye kichupo cha pili ndani ya dirisha lilelile la kivinjari. Anayeng'ang'ania kanda tatu nampa ushauri wa kutafuta monita ya pikseli 1920, na hapo nako asisahau ukuzaji: kwa asilimia 125, 1920 ni sawa na 1536, na theluthi yake ni 512, inayomtosha kivinjari kwa kubanana mradi nafasi za pembeni zimezimwa. Kwa taarifa tu, Windows 11 yenyewe huonyesha ramani zake za safu tatu pale tu upana unapofika 1920 baada ya hesabu ya ukuzaji, kwa hiyo asiyeziona baada ya kubonyeza kitufe cha Windows na Z asidhani ameuziwa Windows pungufu.

Yapo madirisha ambayo kingo zake hazivutiki kwa kipanya hata kidogo, kama yale ya programu za zamani za mashine za risiti. Usitegemee FancyZones iyanyooshe. Yaache yaelee, au uyaweke kwenye orodha ya kuzuiwa.

Vishale bado vinafuata amri ya Windows

Mafahali wawili hawakai zizi moja, na zizi hapa ni kitufe cha Windows pamoja na vishale. Bila kuambiwa, FancyZones huiachia Windows vitufe hivyo, kwa hiyo dirisha huruka nusu kwa nusu na kupuuza ramani yako. Washa kipengele cha “Override Windows Snap”, kisha uchague dirisha lihame kwa namba za kanda, ambapo kushoto na kulia ndivyo vitakavyofanya kazi, au kwa mahali kanda zilipo, ambapo vishale vyote vinne vinatumika. Kwa ramani yenye safu na mistari chagua la pili.

Katika Windows 11 kuna mgongano mwingine mdogo: unapoburuta dirisha kuelekea juu, upau wa ramani za Windows hushuka na kulidaka kabla halijafika kwenye ukanda wako. Upau huo huzimwa kwenye Multitasking, chini ya “Snap windows”, bila kuzima mengine.

Umeme ukikatika na kurudi, kila kitu kimehama

Laptop ikiwa imeunganishwa na monita ya mezani, umeme unapokatika monita inazimika huku laptop ikiendelea kwa betri. Windows huona skrini moja imeondoka, na madirisha yote hurundikana kwenye skrini ndogo. Umeme ukirudi, baadhi yanarudi yalikotoka na mengine hayarudi. Windows 11 ina kipengele cha kukumbuka mahali pa madirisha kulingana na monita iliyounganishwa. Kipo kwenye Settings, System, Display, ndani ya sehemu ya “Multiple displays”, na kinapaswa kuwa kimewashwa. Upande wa FancyZones, washa kile kinachoyaweka madirisha kwenye kanda zake vipimo vya skrini vinapobadilika.

Lakini kuna hali ambayo vipengele vyote vimewashwa na bado ramani inapotea, yaani monita inarudi ikiwa na ramani ya kawaida badala ya ile uliyoichora. Hapo usiendelee kutafuta kwenye programu, tafuta kwenye waya. FancyZones huhifadhi ramani kwa kila monita, na huitambua monita kwa taarifa ambazo monita yenyewe inaitumia kompyuta: nani aliyeitengeneza, ni ya aina gani, na vipimo vyake ni vipi. Taarifa hizo zisipofika, kompyuta inaona kioo kisicho na jina, na kioo kisicho na jina hakiwezi kukumbukwa.

Kisa nilichokutana nacho mara nyingi kuliko vyote ni cha waya wa VGA uliounganishwa na laptop mpya kupitia kigeuzi cha HDMI. Chomoa kichwa cha waya na ukitazame kwenye mwanga. Kina safu tatu za pini, tano kwa kila safu, na zinahesabiwa kutoka ya 1 hadi ya 15. Pini ya 9, ya nne katika safu ya kati, haipo kwenye waya nyingi na hilo lisikutishe. Zinazobeba taarifa za monita ni ya 12 na ya 15, yaani ya pili na ya mwisho katika safu ya tatu. Waya za bei rahisi huwa hazina pini hizo, au zipo lakini moja imepinda na kulala. Dalili za kuthibitisha ni mbili: Device Manager huiita monita “Generic Non-PnP Monitor”, na Windows hukosa kujua vipimo halisi, ikajiwekea 1024 kwa 768 au kitu cha namna hiyo. Nimeinyoosha pini ya 12 kwa ncha ya sindano, nikarudisha waya, na jina la monita likaonekana papo hapo. Kanda nazo zikakaa zilipochorwa tangu siku hiyo. Pini ikiwa haipo kabisa, badili waya, au kama monita ina tundu la HDMI, achana na kigeuzi.

Baada ya kurekebisha waya itabidi uchague ramani upya mara moja, kwa kuwa kwa FancyZones hiyo ni monita mpya.

Dirisha lipo kwenye upau wa chini lakini halionekani

Limebaki kwenye monita iliyoondolewa, nje ya mipaka ya skrini uliyo nayo. Libofye kwenye upau ili liwe ndilo linalotumika, kisha bonyeza kitufe cha Windows, Shift na kishale cha kushoto au kulia, ambavyo hulihamisha kutoka skrini moja hadi nyingine. Ikiwa skrini iliyobaki ni moja, njia ya zamani ni Alt na kitufe cha nafasi, halafu M, halafu vishale hadi lijitokeze. Hapa kuna mtego kwa watumiaji wa PowerToys: kama umewasha PowerToys Run na imekaa kwenye njia ya mkato ya Alt na kitufe cha nafasi, badala ya menyu ya dirisha utaona kisanduku cha kutafutia. Pitia upau wa chini: shikilia Shift, bofya kulia juu ya alama ya programu, chagua “Move”, kisha tumia vishale. Kama “Move” imefifia, dirisha limepanuliwa skrini nzima. Chagua “Restore” kwanza.

Kanda moja kuvuka monita mbili

Inawezekana, kwa sharti kwamba monita zote zina kipimo kimoja cha ukuzaji. Laptop yenye 125 na monita yenye 100 hazitakubaliana.

Kabla hujasakinisha upya

Kusakinisha upya ni jambo la mwisho, na kwa hitilafu zilizotajwa hapo juu halijawahi kunisaidia hata mara moja. Ukilazimika, hakikisha kwanza kwamba Windows si ya zamani mno: andika winver kwenye menyu ya Start, na kama ni Windows 10 iliyo chini ya toleo la 2004, PowerToys haitaikubali. Isitoshe, msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo anayeweza kuhamia Windows 11 asisubiri tatizo la madirisha ndipo limsukume.

Kisha hifadhi ramani zako. Ukurasa wa General una sehemu ya kuhifadhi na kurejesha mipangilio yote. Anayetaka ramani peke yake, labda azigawe kwenye kompyuta sita za ofisi kwa flashi kabla msimu wa wageni wa Juni haujaanza, aifunge PowerToys kabisa, aandike %LOCALAPPDATA%\Microsoft\PowerToys\FancyZones kwenye upau wa anwani wa File Explorer, na achukue faili la custom-layouts.json. Humo ndimo ramani ulizochora zinamokaa. Faili la applied-layouts.json aliache, kwa sababu limeandikwa ni monita ipi ina ramani ipi, na monita za kompyuta nyingine ni tofauti. Kule ramani zichaguliwe kwa mkono, mara moja kwa kila skrini.